Pointi 0.15 kati ya daktari na asiye daktari

Mwaka jana mpwa wangu alikuja nyumbani jioni simu mkononi, hata shikamoo ilitoka nusu, akakaa kwenye mkeka akaniambia mjomba hebu nihesabie tena. Alikuwa ashahesabu mara tatu. Huyu mtoto anataka udaktari tangu yuko darasa la sita, na KCSE yake, mtihani wetu wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, si ya kuchekwa, biolojia A, kemia A, fizikia A-, Kiswahili A-, alafu Kiingereza, hisabati na historia zote B+. Mimi nafundisha kemia kidato cha tatu na cha nne, kila mwaka nakaa na watoto kuwahesabia pointi za klasta, zile zinazoamua nani anaingia kozi gani chuoni, kabla hawajaenda saiba kujaza maombi, kwa hivyo nikachukua karatasi na kalkuleta tukaanza upya. Ikatoka 44.70. Ile ile aliyoipata yeye.

Sasa kilichomchoma si 44.70 yenyewe. Ni kwamba rafiki yake, waliokaa dawati moja miaka minne, alikuwa na 44.85, na huyo rafiki hakusoma fizikia kabisa. Biolojia yake A-, kemia A-, hisabati A-, Kiswahili A-. Lakini historia A, dini A, somo la biashara A. Walijaza kozi moja, chuo kimoja, na pointi halisi za KUCCPS, bodi inayopanga wanafunzi vyuoni, zilipotoka zilikuwa tofauti kidogo na zetu za karatasi lakini mpangilio ulibaki vile vile, na mstari wa kukatia ukapita katikati yao. Mmoja anasomea udaktari miaka sita, mwingine hapana. Mpwa wangu akaniuliza, mjomba, kwani historia inatibu nani?

Siku hiyo nilikasirika pamoja naye. Lakini nimekaa na hilo swali muda mrefu, nimesoma wenzetu wanafanyaje, na leo naona hasira yangu ilikuwa imeelekea pasipo.

Kwa asiyeijua, fomula ambayo walimu wote Kenya tunaitumia kukadiria iko hivi. Unachukua masomo manne ya klasta ya udaktari, yaani biolojia, kemia, fizikia au hisabati, na lugha moja kati ya Kiingereza na Kiswahili. A ni pointi 12, kwa hivyo A nne ni 48. Alafu unachukua jumla ya masomo yako saba yanayohesabiwa, kilele chake ni 84. Ya kwanza unaigawanya kwa 48, ya pili unaigawanya kwa 84, unazidisha hizo mbili, unatafuta kipeuo cha pili, unazidisha na 48. Basi. KUCCPS wenyewe huongeza marekebisho ya kuangalia kila somo lilifanywa vipi nchi nzima mwaka ule, lakini mifupa ya hesabu ni hiyo.

Watu wengi wakiiona wanasema aa, nusu sayansi nusu jumla, haki imetendeka. Si nusu kwa nusu. Angalia vizuri, masomo ya klasta yamo pia ndani ya yale saba, kwa hivyo yanahesabiwa mara mbili, na historia inahesabiwa mara moja tu tena inagawanywa na 84 badala ya 48. Nilipiga hesabu ya mtoto mwenye 44 kwenye klasta na 78 kwenye jumla. Akiongeza pointi moja ya biolojia, anapanda kama 0.79. Akiongeza pointi moja ya historia, anapanda kama 0.28. Yaani biolojia moja ina uzito wa karibu historia tatu. Kwa hivyo anayesema Kenya inadharau sayansi kwenye udaktari hajafanya hesabu, na nilikuwa mmoja wao.

Ila 0.28 mara sita au saba inatosha kumpita mtu. Ndo kilichotokea. Na tangu 2023 sheria ya kuhesabu gredi ya jumla ilibadilika, sasa ni hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi, kwa hivyo yule rafiki Kiingereza chake cha B+ kilidondoka nje kikaingia dini ya A, na mpwa wangu hakuwa na somo la kudondosha kwa sababu alisoma masomo saba tu, shule yao haikuwa na mwalimu wa kutosha kumruhusu achukue la nane pamoja na fizikia.

Uganda wameenda njia nyingine kabisa na mimi naipenda kwa uwazi wake, ingawa siikubali yote. Pale masomo ya A-level, yaani kidato cha tano na cha sita, yana uzito tofauti kulingana na kozi. Kwa udaktari Makerere, biolojia na kemia ndo masomo ya lazima, kila moja linazidishwa kwa 3, alafu fizikia au hisabati linazidishwa kwa 2. A ni 6, B ni 5, kwa hivyo biolojia ya A inakupa 18. Yale ya O-level, kidato cha kwanza hadi cha nne, ambayo ndo yanabeba historia na lugha na dini na kila kitu kingine, kwa miaka mingi yamehesabiwa distinction (gredi za juu) 0.3, credit (za kati) 0.2, pass (za chini) 0.1. Sasa piga hesabu. Mtu mwenye distinction nane anapata 2.4. Kupanda kutoka B kwenda A kwenye biolojia peke yake ni 3. Miaka minne ya kusoma masomo manane kwa bidii haifiki hatua moja ya somo moja la A-level. Na wasichana wanaongezewa 1.5 tangu 1990, ambayo ni sawa na distinction tano.

Tanzania ni fupi zaidi. Umetoka kidato cha sita, una PCB, fizikia kemia biolojia, A ni 5 na kilele ni 15, mengine ya kidato cha nne yalishakufikisha ulipofika yakaisha kazi yake. Mtoto aliyekuwa hodari wa Kiswahili na mtoto asiyeweza kuandika barua wanasimama mstari mmoja.

Kwa hivyo hapa hapa kwetu, nchi tatu jirani, swali moja limejibiwa mara tatu tofauti. Mpwa wangu angekuwa Kampala au Dar hesabu ingemwangalia kwa jicho jingine kabisa, huenda angeingia. Ubongo ule ule. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza hizi gredi zinapima nini hasa.

Niseme kuhusu gredi ya kemia maana hiyo naijua kutoka ndani. KCSE ya kemia ina karatasi tatu, mbili za kwanza alama 80 kila moja, ya tatu ni ya maabara, alama 40. Moja ya tano ya somo zima inakaa kwenye saa mbili na kitu za bureti na pipeti. Twende kwenye chumba. Shule ya kutwa, watoto 46, bureti zinazofanya kazi tuseme kumi na mbili, mbili zinavuja kwenye koki. Mazoezi tunafanya kwa makundi ya wanne, mmoja anafungua koki, mmoja anatingisha chupa, wawili wanaangalia. Ile hatua ya mwisho, pale tone moja linabadilisha rangi kutoka isiyo na rangi kwenda pinki hafifu sana, hiyo si kitu unachoelezwa, mkono wako lazima uwe umeshakosea mara kumi ndo ujue kufunga koki nusu tone kabla. Mtoto wa shule kubwa ya bweni amelifanya hilo mara ishirini peke yake. Wangu amelifanya mara mbili, na mara moja kati ya hizo alikuwa anaangalia. Siku ya mtihani wa kwangu anapitiliza, suluhisho linakuwa pinki iliyokolea kama juisi, na A inakuwa A-. Hiyo gredi imepima kemia? Imepima bureti pia.

Lakini usikimbilie kusema basi tutumie jumla. Jumla ndo inapima shule zaidi. Kupata A za masomo saba unahitaji walimu saba wazuri, na shule nyingi za huku kwetu zina wawili, watatu, mmoja akihamishwa katikati ya mwaka watoto wanasoma jiografia kwa kuazimana madaftari. Mtoto hodari wa sayansi kutoka shule kama hiyo anaweza kujipigania kwenye somo moja au mawili kwa kusoma peke yake usiku, hawezi kujipigania kwenye saba. Kwa hiyo wanaotetea gredi ya jumla kwa kusema inaonyesha mtu mzima, mtu wa pande zote, mimi nawaambia mara nyingi inaonyesha shule ya pande zote.

Hata hivyo siwezi kusema sayansi tupu inatosha, na sababu yangu ni shangazi yangu.

Nilimpeleka hospitali moja ya rufaa, hana nguvu, anapumua juu juu. Tukaonwa na daktari kijana wa intaniship, mpole, mwenye adabu, ana haraka maana foleni ilikuwa mpaka nje. Akamuuliza shangazi anaumwa nini. Shangazi akasema, mwanangu nina kichomi, kinanishika huku ubavuni tangu juzi. Yule kijana akaandika maumivu ya kifua kwa Kiingereza, akauliza kama yanaenda kwenye mkono, shangazi akasema hapana mwanangu ni kichomi, akarudia mara ya pili na ya tatu, na niliona usoni mwa kijana kwamba neno lile halina chumba kichwani mwake. Muuguzi mmoja mtu mzima alikuwa anapita na trei akasimama. Akainama kidogo akamuuliza, shangazi, kinachoma ukiwa umetulia au ukivuta pumzi ndani? Ukivuta. Na ukikohoa? Ndo usiseme. Muuguzi akamwangalia daktari, hakusema kitu, na daktari akachukua kifaa chake cha kusikilizia akakiweka ubavuni badala ya kifuani mbele, akasikiliza muda mrefu. Ilikuwa nimonia. Maswali mawili ya Kiswahili cha kawaida yalisogeza kile kifaa sentimita ishirini hadi mahali pake.

Yule kijana alikuwa na A zake zote, sina shaka, bila hizo hangekuwa pale. Simlaumu. Hakuna mtu aliyewahi kumpima kwa kitu kile, wala kumwambia kwamba ni sehemu ya kazi. Na fomula yetu inamruhusu kabisa, klasta inataka lugha moja, ukiwa na Kiingereza A hamna atakayeuliza Kiswahili chako, wakati wagonjwa wengi utakaowaona wataeleza ugonjwa wao kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Hapo mpwa wangu, kwa uadilifu nikubali, na yule rafiki yake pia, wote wawili A- ya Kiswahili, wangeuliza lile swali bila kuitwa muuguzi.

Wamarekani wana mfumo wao wa kugawa. Mwombaji wa shule ya udaktari anapeleka kozi zake zote na zinapangwa makundi mawili, biolojia kemia fizikia na hisabati kwa upande mmoja, zingine zote upande wa pili, kwa hivyo shule inaona GPA (wastani wa gredi, kilele chake 4) ya sayansi, GPA ya zilizobaki na GPA ya jumla zikiwa zimekaa pamoja. Hata kozi uliyorudia baada ya kuanguka inahesabiwa mara zote mbili. Kwa wanaochaguliwa miaka ya karibuni, ya sayansi inakuwa karibu 3.7 na ya jumla karibu 3.8, zinafuatana kama mtu na kivuli, ya sayansi ikiwa chini kidogo. Juu yake kuna mtihani wa MCAT wenye sehemu nne, na moja ya hizo sehemu haina sayansi yoyote, unasoma kifungu cha maandishi magumu unajibu maswali ya kuelewa. Na McMaster, Kanada, kwa miaka mingi walichukua sehemu hiyo moja tu ya MCAT, zile tatu za sayansi hawakuziangalia kabisa, tena hawakudai mtu awe amesoma kozi za sayansi. Ni shule inayoheshimika duniani, haijaacha kutoa madaktari.

Lakini mfano ulionigeuza mimi ni wa Mount Sinai, New York. 1987 walianzisha njia ya kuchukua vijana wanaosoma fasihi, historia, falsafa, wakawa wanawachukua mapema wakiwa mwaka wa pili wa chuo, bila MCAT, bila kuwadai fizikia wala kemia yote ya kaboni ambayo wengine wanaangukia nayo. Mimi mwalimu wa kemia niliposoma hilo nilishtuka. 2010 David Muller na Nathan Kase wakachapisha matokeo ya kuwalinganisha na wenzao wa njia ya kawaida. Kwenye mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari, ule wa sayansi ya msingi, walikuwa chini kidogo, na wengine wao walihitaji kupumzika masomo katikati, hilo lisifichwe. Wakifika wodini tofauti inayeyuka. Na walielekea zaidi kwenye magonjwa ya akili na udaktari wa huduma ya msingi, zile sehemu ambazo hata hapa kwetu tunatafuta watu kwa tochi.

Hiyo haisemi sayansi si muhimu. Usinielewe vibaya, daktari asiyeelewa asidi na besi atashindwa kusoma vipimo vya damu vya mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa, nafundisha mada hiyo najua inakoishia. Inachosema ni kwamba sayansi ni mlango. Kuna kiwango ambacho chini yake mtu hataelewa darasani, weka hapo, weka B+ kama unataka ukali, weka biolojia na kemia zote, usimwonee huruma mtu. Lakini ukishapita mlango, kuendelea kupanga watu kwa A dhidi ya A- ni kupanga bureti.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipokuwa imekosea. Nilikuwa nakasirikia historia ya A, kana kwamba yule mtoto ameiba nafasi. Hakuiba. Aliyesoma historia mpaka A amejifunza kusikiliza pande mbili za tukio na kupanga nini kilitangulia nini, ambayo ndo kazi ya kuchukua maelezo ya mgonjwa. Wote wawili walikuwa wameshapita mlango zamani. Tatizo ni kwamba tuliwapanga kwa 0.15 kama vile hiyo 0.15 ni kitu, wakati ni tone moja la bureti, au swali moja la dini.

Sasa ukisema basi tufanye usaili, tuwaangalie watoto uso kwa uso, Mkenya yeyote atakwambia acha kabisa. Na ana haki. Kompyuta ya bodi haijui baba yako ni nani. Mzazi wangu mmoja, mama muuza samaki, aliniambia mwalimu hicho kitu kina ukatili lakini hakina mjomba. Ukileta usaili bila ulinzi, kesho nafasi za udaktari zitaishia kwenye nyumba kumi. Sitaki hilo. Ningeanza na kidogo, mtihani wa kusikiliza na kueleza, wa Kiswahili, unaosahihishwa bila jina kama KCSE yenyewe, maelezo ya mgonjwa kwenye rekodi na mtoto aandike amesikia nini na angeuliza nini tena.

Na kwa waliobanana mwishoni, wale wa 44.70 na 44.85, ningepiga kura ya wazi. Najua inasikika vibaya. Uholanzi walifanya hivyo tangu miaka ya 1970 mpaka 2017, kura yenye uzito, mwenye gredi nzuri zaidi ana tiketi nyingi zaidi, lakini hamna aliyeambiwa hufai kwa sababu ya nukta, na 2023 wakaruhusu vyuo vyao kuirudisha. Mtoto aliyekosa kwa kura anajua amekosa kwa kura. Mpwa wangu mpaka leo anaamini alikosa kwa sababu hana akili ya kutosha, na mimi niliyemfundisha kemia siwezi kumtoa hapo, nimejaribu.

Mfumo wa zamani unaelekea ukingoni, KCSE ya mwisho ni 2027, na wale wa mtaala mpya walioingia sekondari ya juu Januari 2026 watamaliza 2028, wakiwa na alama za namna nyingine na njia waliyoichagua tangu gredi ya tisa. Mtu atakaa mezani kupanga upya sayansi ibebe kiasi gani na mengine kiasi gani, na wakati wa kusema ni sasa, kabla hesabu haijakauka.

Mdogo wake mpwa wangu yuko humo, gredi ya kumi, njia ya STEM, ile ya sayansi na hisabati. Ile karatasi tuliyohesabia bado imekunjwa ndani ya kitabu cha kemia cha dada yake, 44.70 imezungushiwa kalamu nyekundu mara mbili, na kitabu sasa anakitumia yeye. Juzi aliifungua mbele yangu akaniuliza kama na yeye atahesabiwa hivyo hivyo.